Weusi Ndani ya Maziwa

Yule mwanamke wa Kiarusha aliyeniletea maziwa kwa kubadilishana na chumvi nilimshuku tangu siku ya kwanza, kwani ndani ya maziwa mlikuwa na chembe nyeusi. Niliyamwaga palepale, mbele yake. Akachukua kibuyu chake akaenda zake.

Siku zile Wadachi walikuwa wamejenga boma lao Arusha, na mume wangu, fundi seremala, aliletwa kutoka Pangani kuwatengenezea milango. Sisi watu wa pwani tulikaa vibandani nyuma ya boma, tukiwaita wenyeji washenzi bila hata kupunguza sauti. Tangu utotoni nilisikia kwamba watu wa bara huroga kwa chakula. Nani aliona? Hakuna. Lakini jambo ulilolelewa nalo huliulizi shahidi.

Mwanangu alikuwa na miezi mitano, na ziwa langu lilikuwa limekauka baada ya homa. Uji kila nikimpa anatapika. Siku ya tatu kilio chake kilikuwa kimefifia, nikaingiwa na hofu. Mume wangu akaenda kumwita yule mwanamke.

"Onja wewe kwanza," nikamwambia.

Akanywa, akajifuta mdomo. Nikasubiri aanguke. Hakuanguka. Ndipo nikamnywesha mwanangu.

Mtoto alishiba, akalala. Hata hivyo kila asubuhi nilimwonjesha yule mwanamke kwanza, maana mimi ni mbishi. Mwezi mzima ukapita hivyo, mtoto akinenepa nami nikishuku. Mwishowe nikamfuata kwake, upande wa Meru, nikitaka kumfumania. Nilimkuta anasugua kibuyu kwa ndani na kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, chembe nyeusi za mkaa zikibaki humo. Ndivyo wanavyosafisha vibuyu vyao, maziwa yasiharibike. Kumbe nilichokimwaga kilikuwa usafi wake! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake nikapika vitumbua kwa mchele wetu wa pwani, nikamkaribisha ndani. Alikaa mlangoni, mguu mmoja nje. Nikamsogezea sahani. Hakuigusa. Alikuwa anaitazama kanzu ya mume wangu iliyotundikwa ukutani.

"Onja wewe kwanza, mama," akasema.

Hasira zikanipanda. Mimi? Nyumbani kwangu?

"Unaniogopea nini?"

"Watu wa nguo hiyo walipita na msafara. Dada yangu walimpa tende. Akala, wakaenda naye."

"Nani aliyekuambia hayo?" nikauliza kwa ukali, nikijua jinsi maneno ya watu yanavyokua.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Nilikuwa nimemshika mkono."

Mwanamke huyu alikuwa na sababu ya kutukimbia, na bado kila siku alikuja kumnywesha mwanangu. Nikachukua kitumbua, nikakila chote mbele yake. Hakunyoosha mkono. Alinikazia macho, akisubiri nianguke.