Kimeza chenye Alama ya Pasi

Tangu nazaliwa, mama yangu aliniita "mama", kwa kuwa nilibeba jina la mama yake mzazi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo nililolipoteza, tena kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilipopunguza watu ili kipate mnunuzi, mama hakukaa kulia. Kila mara chuo cha mjini kwetu kilipofungwa aliwahi nyuma ya mabweni, ambako wanafunzi waliacha vitu wasivyoweza kupanda navyo basi: viti vilivyovunjika, ndoo zisizo na mpini, magodoro yaliyobonyea katikati. Walinzi walimjua, wakamwacha achague. Nyumbani Mwembesongo alikwangua mbao kwa kipande cha chupa, akasuka viti upya kwa mikanda ya plastiki inayofungia marobota ya mitumba, kisha vikapanda gari kwenda kuuzwa Mlali au Ngerengere. Kuuza karibu na chuo alikataa katakata.

"Mwenyewe akikiona atakidai," alisema, "hata kama alikitupa."

Mimi nilikulia juu ya vitu hivyo, nikasomea juu yake, nikafaulu. Lakini nilipochaguliwa kuingia chuo hichohicho, nilianza kuona aibu kana kwamba tulikuwa wezi. Mwenzangu wa chumbani alikuwa wa mwaka wa pili, mwenye redio kaseti na mafuta ya kujipaka kutoka Dubai. Nilimwambia kwamba mama yangu ana duka. Hakuniuliza, niliropoka tu.

Jumamosi ya pili mama akaja, kimeza kichwani, mkononi kikapu kilichofunikwa kitambaa. Nilikuwa peke yangu, nikampokea vizuri, tukakiweka kimeza dirishani. Alikuwa amekipaka polishi ya viatu mpaka kinang'aa.

"Hiki kilinishinda kukiuza, mama," aliniambia. "Nikasema hiki ni cha kusomea wewe."

Sheria yake mwenyewe alikuwa ameivunja kwa ajili yangu. Akakaa kitandani, akafunua kikapu, harufu ya maandazi ya iliki ikajaa chumbani.

Ndipo mwenzangu akaingia. Akampa mama shikamoo, kisha akakikodolea macho kimeza. Akainama, akapitisha kidole pembeni, mahali ambapo chini ya polishi palikuwa na alama ya pasi iliyoungua mpaka ndani ya mbao.

"He! Hiki si changu? Nilikiunguza mwenyewe! Mguu ukavunjika, nikakiacha." Akacheka, bila ubaya wowote. "Umekitoa wapi?"

"Nimenunua kwa huyu mama," nilisema. "Anaokotaokota vitu huku nyuma, anatengeneza."

Sauti yangu haikutetemeka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mama alinitazama mara moja tu. Kisha akakifunika kikapu, akasimama, akajifunga khanga yake vizuri.

"Asante kwa kuniungisha, dada," akaniambia. "Mguu ukilegea, niite."

"Haya mama, asante," nikamjibu.

Sikumsindikiza, nani humsindikiza muuzaji? Kupitia dirishani nilimwona akishuka na kikapu chake. Maandazi aliondoka nayo, maana mchuuzi angemwachia mteja maandazi kwa sababu gani?

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani, maneno ya kuomba radhi nikiyapanga njia nzima. Nilimkuta uani anakwangua mguu wa kiti. Nikachuchumaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Usoni hakuwa na hasira. Alinisogezea kigoda. "Kimeza kinasimama vizuri, dada?"

Maneno yote niliyoyapanga yakanipotea, nikalia kwa sauti. Alinibembeleza, akaninywesha chai, akasema yameisha. Na kweli alinisamehe, wala hakuwahi kunikumbushia. Nilipomaliza chuo alicheza ngoma mbele ya majirani. Ila mpaka tunamzika, hakuniita mama tena.