Mteremko wa Saranda Bila Mvuke

Siku yangu ya kwanza kwenye gari moshi, enzi za Mjerumani, nilifurahi hata nikasahau kuogopa. Kijana wa Kigogo niliyezoea kukimbia nyuma ya ng'ombe, leo nabebwa na chuma! Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto: kulisha tanuri kuni, maji yachemke kwenye boila, mvuke usukume magurudumu.

Bwana Meista, fundi mkuu wa karakana ya Dodoma, alitufundisha mambo ya breki. Zilikuwa za mkono, wanangu. Wafunga breki walikaa huku na huku kwenye mabehewa, kila mmoja akikaza gurudumu lake la chuma pale dereva alipowaamuru kwa filimbi. Na filimbi ile ililia kwa mvuke.

Baadaye nilihamishiwa njia ya Manyoni chini ya Bwana Dereva, Mzungu mcheshi aliyeshindana na wenzake nani atatumia kuni chache. Kushuka Saranda alifunga mvuke, gari likateremka lenyewe. Hilo halikuwa na ubaya, madereva wote walifanya. Ila siku moja aliniambia hata moto niuache ufe tangu Manyoni.

"Mlima ndio unasukuma," akasema. "Kuni za nini?"

Nikamwambia mvuke utaisha. Akacheka tu.

Basi tukateremka, na raha yake sina namna ya kuieleza! Upepo ulitupiga usoni, nikawa napiga vigelegele kama bibi harusi amefika. Tulipopita kona nikaona vibarua chini wakigonga reli kwa nyundo, na kaka yangu Chidawali alikuwa wa genge lile. Bwana Dereva akavuta kamba ya filimbi. Ikakohoa, ikanyamaza.

Nikaparamia rundo la kuni nikapiga ukelele wa wachungaji, ule wa kuitana ng'ombe wakiibwa. Mfunga breki wa mbele, Juma, Mrangi wa Kondoa, akaruka juu akitafuta wezi. Akaniona nazungusha mikono hewani kama nakaza breki, akaelewa. Akakaza breki huku akipokeza ukelele nyuma, behewa hadi behewa. Magurudumu yakalia, cheche zikaruka, vibarua wakatawanyika. Tulisimama juu ya nyundo zao.

Chidawali akaja mbio. "Wewe, mbona hamkupiga filimbi?"

Nilimkumbatia nikalia mbele za watu. Bwana Dereva naye aliketi juu ya kuni, na tangu siku hiyo hakuniambia tena niuache moto.

Sasa nimestaafu, nakaa Miyuji. Chidawali alioa baada ya mavuno ya mwaka ule. Wanawe ni madereva wa malori, na wakishuka milima ya Kibakwe hutoa gia, gari lijiendee, mafuta yabaki. Huja kunisimulia kwa fahari. Mimi huwauliza, ikiwa injini haishiki tena magurudumu, breki zikichemka watashikwa na nini?

"Baba mdogo, unaogopa bure," hunijibu.

Huwatazama mmoja mmoja wakicheka. Wote walizaliwa baada ya siku ile ya Saranda.