Mkono Niliouponya Nikiwa Riyadh

Sogea nikueleze, hasa wewe unayemuuguza mzazi kwa simu. Mimi ni mlinzi wa geti hapa Riyadh. Baba yangu alipata kiharusi, mkono wake wa kulia ukalala. Dada yangu Nekesa ndiye anayemtunza nyumbani Kakamega, nami nilijipa kazi ya mazoezi. Jioni, Nekesa akienda kukamua ng'ombe, Baba aliegemeza simu kwenye thamosi tukaonana kwa video. Mimi kwenye kibanda changu cha getini niliinua mkono wa kulia, yeye akaniiga.

Siku ya kwanza tu, mkono wake ulipanda mpaka juu ya kichwa! Nililia. Sikuwa na wa kumkumbatia, kwa hiyo Ijumaa nilikwenda mtaa wa Batha nikawanunulia Wakenya wenzangu soda.

"Daktari wa kibandani!" wakanishangilia.

Tuliendelea hivyo hadi jioni moja Nekesa aliporudi mapema.

"Kaka, unamfanyisha nini?"

"Si unaona mkono ulivyopona?"

"Huo ni wa kushoto. Haujawahi kuugua."

Kumbe Baba aliniiga kama anayejitazama kwenye kioo. Nilipoinua wa kulia, yeye aliinua uliokuwa upande huohuo wa simu, yaani wa kushoto. Ule mgonjwa ulikuwa umelala mapajani muda wote.

"Baba, mbona hukusema?"

Maneno yalimtoka polepole. "Ulikuwa... unafurahi."

Basi kabla ya kuanza mazoezi kwa simu, mwombe aliye nyumbani afunge kitambaa kwenye mkono mgonjwa, kisha uutazame huo tu.