Vikaratasi Viwili Ndani ya Chupa ya Kaa

Siku niliyoandika uongo kwa penseli naikumbuka vizuri kuliko siku niliyooa, mwanangu, na mke wangu analijua hilo.

Nilikuwa na miaka kama ishirini. Shule niliiacha darasa la nne, lakini mwandiko nilikuwa nao, na nilijivunia. Akaja Bariadi mama mmoja mtaalamu wa kaa wa mitoni, akaniajiri nimkamatie. Vijana wenzangu walinicheka: wao wanachunga ng'ombe, mimi nachunga kaa. Niliwaacha wacheke. Leo wanasaga mahindi kwenye mashine yangu.

Kazi ilikuwa na sharti moja. Kila kaa aingie kwenye chupa ya spiriti pamoja na kikaratasi kinachosema ametolewa kijito gani. Kiandikwe kwa penseli, kwa sababu wino unayeyuka mle ndani.

Basi akanituma kijito cha Migato. Mvua ilikuwa imenyesha, tope jeusi limeshika magurudumu ya baiskeli hayazunguki. Nikageuza, nikaenda Sapiwi kwa shemeji yangu, ambako kulikuwa na wali na kijito nyuma ya zizi. Nikala, nikainua mawe, nikapata kaa sita. Kwenye kikaratasi nikaandika Migato. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Niliona ng'ombe ni yule yule popote anywapo maji, kwa nini kaa asiwe hivyo?

Kesho yake yule mama akamgeuza dume mmoja, akamtazama tumboni kwa kioo cha kukuzia. Kisha akasema, "Njile, huyu simjui. Nadhani hakuna anayemjua."

Akanieleza kwamba kaa huyo atapelekwa makumbusho, atapewa jina jipya, na atawekwa huko awe shahidi wa jina hilo. Mtu yeyote duniani akitaka kujua kama kaa wake ni wa jina hilo, atamlinganisha na huyu wetu. Na jina lenyewe, akasema, atalitoa Migato. Alikuwa na furaha kama mtu aliyepata mjukuu. Mimi nilitoka jasho.

Nikaenda kwa shangazi yangu, dada wa baba, nikamweleza nikitegemea anihurumie. Hakunihurumia. Yeye ndiye aliyemzalisha mama yangu, aliposhikwa na uchungu njiani akitoka shamba la pamba. Kwetu mtoto hupewa jina kwa lililotokea, na Njile maana yake ni njia.

"Nilikupokea kwenye vumbi la njia," akaniambia, "nikakuita hivyo mbele ya watu. Ningesema ulizaliwa ndani, ungekuwa nani leo? Watu watamtafuta mnyama huyo Migato hadi wazeeke, hawatamwona, watasema ameisha. Na wewe utakuwa Sapiwi unakula wali."

Asubuhi nilikuta gari la yule mama linapakiwa chupa. Nilisalimia mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, nikasema yote bila kupumzika, nikangoja kufukuzwa.

Yule mama hakunitukana. Alifungua chupa, akatoa kikaratasi kwa kibano, akakipiga mstari mmoja katikati. Nilidhani atakitupa. Akakirudisha ndani. "Kazi hii hatutupi kilichoandikwa," akasema. "Tunasahihisha, na cha kwanza kinabaki." Akanipa kipande kingine na penseli. "Andika mwenyewe. Halafu twende ukanionyeshe hayo mawe."

Tulikwenda. Chini ya jiwe la tatu tulipata jike na madume wawili, ndugu kabisa wa yule wa kwenye chupa. Mwanangu, mimi nimepona homa kali mara mbili, lakini sijawahi kupumua kama nilivyopumua pale nyuma ya zizi la shemeji. Kazi niliendelea nayo, na mshahara wangu wa kwanza ulinunua mtamba.

Mwezi uliopita mjukuu wangu, anayesoma chuo, alinionyesha kwenye simu picha kutoka makumbusho. Kaa amefifia, amekuwa mweupe kama ugali. Jina lake lina Sapiwi ndani, ingawa wamelipindisha Kilatini. Na vikaratasi viko viwili, vyote vya mwandiko wangu. Mjukuu akauliza kwa nini kimoja kimepigwa mstari. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe, wala sikuona haya.

Kwa hiyo nisikilize. Kitu chochote utakachokipa jina, sema kweli ulikokitoa, hata kama ni nyuma ya zizi. Ukishaandika uongo, usingoje gari liondoke. Nenda ukiwa bado unatetemeka, mwambie mwenye kazi, uombe penseli. Mstari juu ya kosa lako hautakuua. Mimi nina wangu, uko makumbusho, na nalala usingizi.

Mungu akupe mikono ya kazi na mdomo usioogopa kurudi kusema, na jina lako likutwe mahali ulipokuwa kweli.