Bastola Iliyonishinda Nguvu Mbele za Watu

Mkitaka kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati ya mambo haya sitasimama kuwasubiri, na aibu yenyewe haijanitoka, kile kituo cha polisi mpaka leo nakipita nikiwa upande wa pili wa barabara.

Mimi ni mnunuzi wa mahindi na maharage, ghala langu liko Kizwite hapa Sumbawanga, na tangu mume wangu alipofariki ni mimi ninayezunguka na gari, mpaka kule chini ziwani Kirando na Wampembe, napeleka mahindi narudi na dagaa. Kazi hiyo ni ya kutembea na pesa taslimu, kwa hiyo nikaomba kibali nikanunua bastola, dude zito hasa (muuzaji alisema ni imara, na mimi enzi hizo nilikuwa najitwisha gunia mwenyewe, nikaona uzito ndio uimara), wenzangu wa sokoni wakanibatiza Mama Chuma. Jina nililipenda. Nisiwadanganye, nililipenda mno.

Sasa mikono ikaanza kunigeuka. Kilianza kidole gumba cha kulia, kikavimba kwenye kiungo, mara nikawa siwezi kukamua shuka, mara mwiko ukanikatalia katikati ya ugali wa ulezi, nikamwita binti yangu Skola aje amalizie, nikasingizia moshi umeniingia machoni. Bastola nayo ikagoma. Bastola ya namna ile ina chuma cha juu ambacho lazima ukivute nyuma kwa nguvu ndipo risasi ipande, ndiyo kukoki kwenyewe, na mimi nikawa nakivuta hakiji, nabadilisha mkono hakiji, nauma meno hakiji. Sikumwambia mtu. Nikawa natembea nayo kwenye mkoba kama mtu aliyebeba tofali.

Basi ikafika siku ya kuhakiki silaha. Kila mmiliki anapeleka yake kituoni, anachomoa magazini, kile kikasha cha risasi, anavuta kile chuma kuonyesha ndani hamna kitu, wanasoma namba, anaondoka. Safari iliyotangulia nilimkuta afande mwenye haraka zake, akaichukua akaifungua mwenyewe, nikapona. Nikajua nitapona tena. Ilikuwa msimu wa baridi, ile ya Sumbawanga inayopenya mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo ndani ya kitenge nikavaa suruali ya kulalia ya marehemu, ya mistari ya bluu, nikaikaza kiunoni kwa kamba ya katani (nani angeiona?), Skola akawasha gari tukaenda.

Uani wameweka meza, wamiliki wako kwenye mabenchi wanaota jua, wafanyabiashara wenzangu karibu wote, na mbele kabisa Mzee Masanja, mfugaji Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake miaka mingi, mtu wa maneno machache ambaye hata wenye vyeo wanampisha njiani. Mezani yuko afande wa kike, kijana, mpole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba utoe magazini, halafu uifungue tuone."

Magazini nikatoa. Kufungua sasa. Nikavuta, wapi. Nikavuta tena, jasho likanitoka na baridi ile. Hapo ndipo ningesema, "Afande, mkono unaniuma, nisaidie," maneno machache tu, na tusingekuwa na hadithi. Lakini kutoka kwenye benchi mtu akatania, "Mama Chuma, leo chuma kimenuna?" na benchi zima likacheka, na mimi kiburi kikanipanda kichwani, nikaona heri nife kuliko kuomba msaada mbele ya wale wanaume.

Nikakumbuka niliwahi kumwona mtu anakoki kwa kuegemeza bastola kwenye mkanda. Mkanda sina, lakini nina fundo la kitenge. Nikaling'ang'aniza lile dude kwenye fundo, nikasukuma chini kwa uzito wangu wote, na kweli, chuma kikarudi nyuma! Kikafika katikati, springi ikanishinda, kikarudi mbele kwa kishindo kikiwa kimemeza pindo la kitenge changu. Kikang'ata. Nikivuta hakiachii. Bastola imening'inia kiunoni kwangu, mdomo umewaelekea waliokaa kwenye benchi.

Benchi likainuka lote. Nikageuka kuwaomba radhi, bastola nayo ikageuka. Nikageuka huku kumwambia afande kwamba haina kitu ndani, ikamgeukia afande. Kila niliyemtazama alilala chini. Mnunuzi mmoja wa maharage, mtu mzima mwenye wajukuu, aliingia chini ya meza akabaki huko.

"Mama, simama hapo hapo! Usigeuke!" afande akapaza sauti. "Achia! Mikono juu!"

Mimi mtiifu, nikaachia, nikainua mikono yote miwili. Lile dude kwa uzito wake likavuta fundo, fundo likafunguka, kitenge na bastola vikashuka pamoja mpaka chini, nikabaki katikati ya uwanja wa polisi, mikono juu kama jambazi, ndani ya suruali ya marehemu ya mistari na kamba ya magunia.

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Aliyesogea ni Mzee Masanja, akavua koti lake refu, akanizungushia kiunoni bila kunitazama, akasema, "Shusha mikono, mama."

Ndani ya ofisi afande aliitoa bastola kwenye kitenge (ilikuwa tupu kabisa, nilimshukuru Mungu nikamshukuru tena), akaniuliza taratibu, "Mama, mkono umeanza kukusumbua lini?" Na mimi, Mama Chuma, nikalia. Nikawaambia yote, Skola akiwa pembeni yangu. Nikamwambia Skola, "Unakumbuka siku ile tunapanda mlima kutoka Kirando, bodaboda mbili zikatusimamisha kwenye kona?"

"Nakumbuka. Nilikwambia utoe chuma, ukaniambia nisikufundishe kazi."

"Nilikuwa siwezi kukikoki."

Wale vijana siku ile walikuwa wanaomba pampu tu, lakini wangekuwa wengine je? Binti yangu alikuwa ameketi pale bila hofu kwa sababu aliamini mama yake ana kinga. Hiyo ilinichoma kuliko suruali. Skola akasema, "Mama, ungeniambia ningekanyaga mafuta," tukaanza kucheka, tukacheka na machozi yetu, afande naye akageukia ukutani.

Kibali hawakuninyang'anya. Lile dude lilibaki kituoni, nikaelekezwa taratibu za kubadilisha. Natoka nje, Mzee Masanja ananisubiri langoni, nikadhani anataka koti lake. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema kwa sauti ya chini, "Ukienda kutafuta nyingine, nipitie. Na mimi yangu hainifungukii."

Tulikwenda pamoja kwa muuzaji Mbeya. Mimi niliingia nikiulizia ile ndogo kuliko zote, muuzaji akatikisa kichwa, kumbe zile za kutia mfukoni mara nyingi springi yake ndiyo ngumu, akatupatia kila mmoja ya wastani, nyepesi, chuma chake cha juu kina mikunjo mipana ya kushika. Nikavuta. Ikaja! Ikaja kama mlango uliotiwa mafuta. Mzee Masanja akavuta yake, akairudisha, akavuta tena, akavuta tena, muuzaji akamwambia basi mzee, inatosha.

Nimeapa sitaficha tena kitu ambacho mwili wangu umekwisha kukitangaza. Jumapili iliyopita, tumetoka misa, nilishindwa kufungua chupa ya maji, nikawageukia wanaume waliokuwa nje ya kanisa nikauliza kwa sauti, "Jamani, nani bado ana mikono?" Wazee wote wakaangalia viatu vyao. Aliyenifungulia ni Skola.