Kisesa, Siku Watu Walipohama Uwanja

Kuna Jumamosi moja naikumbuka, mwanangu, na hata nikiwa nacheka na watu ikinijia kicheko kinakatika. Usinicheke kwa kukuita mwanangu nami sina hata unywele mmoja mweupe. Nimesikia mnapanga kwenda kutembea wikiendi hii na mtawachukua wadogo zenu. Nimefurahi, maana kupanga safari ndiyo starehe yangu hata kabla ya safari yenyewe. Lakini kaa kwanza nikusimulie.

Nilikuwa nashona nguo mjini, pale Buzuruga, jirani na stendi, na cherehani ya rafiki yangu Neema ilikuwa pembeni ya yangu. Wiki nzima tulishona huku tunapanga. Kisesa si mbali, mtu anakwenda na kurudi siku hiyohiyo, lakini sisi tulitaka kulala huko kama watalii. Jumamosi tuangalie mashindano ya ngoma, tulale gesti, Jumapili tupande yale mawe makubwa ya huko tupigwe upepo, tule samaki sato, turudi. Nilijishonea na gauni jipya la picha. Neema akawa ananitania, "Wewe Mhaya, ukimwona mcheza ngoma na chatu wake shingoni, hilo gauni utaliacha palepale."

Dada yangu Leokadia akaniomba nimchukue binti yake, Koku, aliyekuwa bado chekechea. "Siku hizi anakupenda kuliko mimi," akasema. "Mrudishe salama tu."

Nikaitika bila kufikiri, kama mtu anayeambiwa afunge mlango akitoka.

Tulipofika uwanjani nilifanya jambo ambalo niliona ni la akili. Nikachuchumaa mbele ya Koku nikamwambia, "Ukinipotea, nenda pale penye watu wengi. Mama mdogo atakufuata hapohapo." Akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa andazi.

Sasa elewa, mwanangu. Sisi wa kutoka Kagera hatukukulia kwenye ngoma zile. Wasukuma wakishindana, makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, moja upande huu wa uwanja, jingine upande ule. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo watu hawatulii. Wakisikia shangwe upande wa pili, wanakimbilia huko wote, wakubwa kwa wadogo, halafu baadaye wanarudi tena mbio. Mimi nilikuwa nimeulizia gesti, nimeulizia chakula, nimeulizia hata saa nzuri ya kupiga picha. Ngoma yenyewe inakwendaje, hilo sikumuuliza mtu.

Chatu akatolewa. Neema akapiga yowe akajificha mgongoni kwangu. Nilicheka mpaka machozi, nikainua simu nimpige picha. Mkono ulioinua simu ndio uliokuwa umemshika mtoto.

Hapohapo upande wa pili wakashangilia. Watu wakaondoka kama maji ya ndoo iliyopigwa teke. Nilisukumwa, nikazungushwa, na vumbi lilipopungua Koku hakuwepo.

Mwanangu, hofu ile sijui niielezeje. Masikio yaliziba, lakini nikawa nasikia malori ya barabara kuu, ambayo muda wote ule sikuwa nimeyasikia. Kila honi niliona ni yeye anagongwa. Nikamfikiria na chatu, na mkono wa mtu nisiyemjua, na uso wa dada. Nikakimbilia penye watu, nikaita jina lake mpaka sauti ikakauka. Watu wakahama, nami nikahama nao. Mshereheshaji alimtangaza kwa kipaza sauti, lakini ngoma mbili zikipigwa pamoja nani atasikia? Neema alikuwa analia kuliko mimi. Nilipomwangalia ndipo nikaamini kwamba mtoto amepotea kweli.

Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akanishika gauni. Mimi hata kusalimia nilisahau.

"Marahaba," akaniambia. "Unatafuta nini?"

"Mtoto, bibi! Mtoto wa dada yangu!"

"Mlikubaliana mkutane wapi?"

"Penye watu wengi."

"Penye watu wengi? Hapa? Binti, ungemwambia akusubiri kwenye mawingu ingekuwa afadhali." Kisha sauti yake ikalainika. "Basi mtoto hajakaidi. Anakutii. Watu wakihama, naye anahama. Mtazunguka hivi mpaka giza liingie, na giza likiingia kila mtu ataondoka kwa njia yake."

Bibi akainuka, akanivuta mpaka kwa kiongozi wa ngoma ya upande ule, aliyekuwa na filimbi mdomoni na jasho kifuani. Watu walikuwa wamejaa kwake.

"Huyu nimemzaa mimi," bibi akaniambia, halafu akamgeukia. "Nyamazisha ngoma!"

"Mama, watu wako kwetu! Nikinyamaza wanahamia kule!"

"Ndiyo ninachotaka, wahame. Kuna mtoto humo ndani. Utashinda mwakani."

Yule kaka akanitazama, akatazama umati wake. Akatoa filimbi mdomoni na kushusha mkono. Ngoma zikanyamaza.

"Kasimame katikati ya uwanja," bibi akaniambia. "Wote watapita kwako. Usiangalie nyuso. Angalia chini."

Nikasimama katikati na Neema. Wakaja. Nikaona magoti, kandambili, ncha za kanga, miguu ya watoto wa watu. Nikapigwa mabega, sikuinua macho. Wakapita, wakapita, wakaanza kupungua, na mimi moyoni nikaanza kutunga jinsi ya kumwambia dada. Halafu nyuma kabisa, nikaona mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna, inakimbia huku inajikwaa. Nikamdaka Koku mwili mzima.

Alikuwa anatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Hakunilaumu. Alilala begani kwangu palepale kwenye kelele.

Kundi la yule kaka lilishindwa siku ile. Nilikwenda kumshukuru, akaniambia, "Nenda, mama mdogo, mtoto ana usingizi." Gesti hatukulala. Mawe hatukupanda. Tulirudi mjini, na dada nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

Kwa hiyo, mwanangu, pangeni safari yenu kwa furaha, nguo nzuri mbebe na picha mpige. Ila kabla ya gesti na chakula, mtafute mwenyeji mumuulize mambo ya kwao yanakwendaje. Mkifika, mchague kitu kisichohama, jiwe au ukuta wa kanisa, mumpeleke mtoto mpaka pale akiguse kwa mkono wake. Na atakayepiga picha awe mwingine, siyo aliyemshika mtoto. Siwaogopeshi ili msiende. Mimi mwenyewe bado natamani kuyapanda yale mawe.

Mungu awape jua la kiasi na barabara isiyo na haraka. Awakutanishe na wenyeji wenye huruma kama wale niliokutana nao mimi. Na mtakaporudi, mwanangu, awafikishe wote, asipungue hata mmoja.