Kuku Mwekundu wa Mamangu

Nilipokuwa mtoto, nyanyangu Bi Zuhura, mamake mamangu, ndiye aliyeniambia kwanza kwamba kuku haatamishwi katika nyumba yenye mja mzito. Ati watoto wakija pamoja chini ya paa moja hugombania mlango, na mmoja hubaki nje. Alilisema hivyo hivyo tu, huku akichambua mchele, kama mtu akuambie usisahau chungu motoni.

Mamangu alikuwa na mimba wakati ule. Tulikaa nyumba hii hii mnayoiona, hapa Mji wa Kale, na babangu akifanya kibarua kwenye magodauni ya Shimanzi, arudi jioni na vumbi la magunia hadi kwenye kope. Tulikuwa na kuku mmoja mwekundu. Siku moja akakaa kitako kwenye kiota, hataki kuondoka. Mama akafurahi. Alitaka amwekee mayai, vifaranga wakue pamoja na mtoto, ili mtoto akianza kula apate supu ya kuku wake mwenyewe.

"Mpeleke kwa Bi Mishi," nyanya akamwambia. Bi Mishi alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. "Aatamie huko. Vifaranga wakitoka utawachukua."

"Na yule paka wa Bi Mishi, mama?"

"Paka atafungiwa."

"Basi mimi na kuku tutagawana mlango. Mimi nipite juu, yeye apite chini."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Nyanya hakucheka. Lakini mwanawe akishashikilia jambo, yeye hulegea. Akaleta tenga mwenyewe, akatandika majani makavu, akatia na kipande cha mkaa ili radi isiyaharibu mayai. Radi aliijua dawa yake. Mlango hakuujua.

Siku ilipofika ilikuwa asubuhi, kunguru wamejaa ukutani. Mkunga akaja, nami nikaambiwa nikae uani nisipande juu. Nikachutama kando ya tenga. Yai moja lilikuwa na ufa, na ndani yake mnagonga kitu, kidogo kidogo. Kisha na jingine. Akatoka kifaranga wa kwanza, amelowa, shingo haijasimama. Nikataka kumwita mtu aone. Huko juu nilimsikia mama, kisha nikamsikia mkunga, kisha sikumsikia mtu. Nikangoja mtoto alie. Waliokuwa wakilia ni vifaranga tu.

Alikuwa mvulana. Wanaume wakamchukua kabla ya adhuhuri, babangu mwenyewe amembeba, na vumbi la jana bado liko masikioni mwake.

Bi Mishi akaja kutupa pole. Akalitazama tenga, akamtazama nyanya.

"Si ulimwambia, Bi Zuhura?"

"Sikumwambia kitu."

"Nami nilikuwa nikikusikia pale ukutani..."

"Basi uliota, Mishi. Ingia ndani umshike mkono mwenzako."

Mama alikaa siku zake za uzazi kama kawaida. Akakandwa maji moto, akapewa uji wa pilipili manga, yote anayofanyiwa mzazi, ila ubavuni mwake hapana kitu. Maziwa yakawa yakimtoka, yakilowesha leso. Siku moja nipo pale nashikilia bakuli, nikamsikia akiuliza, uso ameuelekeza ukutani:

"Mama, ni kuku?"

"Kuku gani?"

"Ulinikataza."

"Nilikukataza kwa sababu sikutaka mavi ya kuku uani kwangu," nyanya akasema. "Hayo ya mlango niliyatunga. Ungenisikiliza vipi, na kichwa kigumu hicho?"

Mama akatoa sauti iliyoanza kama kicheko. Ikaishia kwingine. Nyanya akamlaza pajani hata akanyamaza.

Tangu hapo vifaranga wakawa wa nyanya. Akiwapa chenga za mchele, akiwatilia maji kwenye kifuu, akikaa nao na ufagio mkononi kuwafukuza kunguru. Hakuwapenda. Alitaka mama amwone akiwalea.

Mama alipobeba mimba nyingine, nyanya alichukua mayai mbele ya macho yake, akamwekea kuku yule yule. "Mwaka huu nataka vifaranga mimi," akasema. Nikamwona mama uso umemfunguka.

Lakini mimi nililala na nyanya. Alfajiri, alipotoka kutawadha, nikamfuata. Nikamkuta amepiga magoti kando ya tenga, kiganja amekipitisha chini ya kuku. Alikuwa akizungumza na mayai, polepole, kama anavyozungumza na wageni wa heshima.

"Ngojeni kidogo, wanangu. Mpisheni mwenzenu kwanza."

Aliponiona akaniwekea kidole mdomoni. Na kila alfajiri akaenda.

Aliyepishwa ni ndugu yangu Athmani, huyu babu yenu anayekaa Makupa. Vifaranga walikuja baada yake, wachache. Mayai mengi yaliviza.

Sasa mimi ni mzee kuliko nyanya alivyokuwa. Kama kuku ana neno au hana, sijui. Ninalojua ni kwamba mamangu alikufa katika uzee wake akiamini kuwa mwanawe alichukuliwa na Mungu, na kwamba mamake alichukia mavi ya kuku. Nyanya yeye aliliamini lile jambo mpaka akayapigia mayai magoti, na akalikana kwa sababu mwanawe alikuwa anaumia. Yule mtoto alikuwa mjukuu wake pia. Nani alimuuliza yeye kama alilala? Hata mimi sikumuuliza.

Haya. Mama yenu alipotaka kuku wake aatamie mwezi huu, na tumbo lile, mlinisikia nikimkataza? Basi na nyinyi msimwambie neno. Zimeni taa, jifunikeni vizuri, macho yafumbwe. Mimi nashuka uani mara moja, kisha nitakuja kulala.